Redio ya kidijitali: ninunue sasa au nivute subira?

Sikio Moja (mwenye uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeufungua sababu inbox yangu imejaa swali moja tu, "eti redio ya kidijitali inafaa kununua au bado?", nikimjibu mmoja anakuja mwingine, sasa naandika mara moja niwe natuma linki. Mimi sio muuzaji na sina undugu na muuzaji. Ninazo mbili, ya kwanza imekufa japo inawaka (ntaeleza), ya pili iko jikoni inaongea hapa ninavyoandika.

Jibu fupi kwa wasiopenda kusoma: usianze na redio, anza na hewa. Yaani ujue kwanza hapo ulipo kinarushwa nini, ndo urudi kwenye bei na spika na rangi.

Jibu refu ndo hili. Mtu akisema redio ya kidijitali anaweza kuwa anaongelea vitu ambavyo havijuani kabisa. Kuna mfumo wa DAB na mdogo wake DAB+, hizi zinakaa kwenye masafa ya 174 mpaka 240 MHz, Ulaya wanazitumia sana na Australia pia. Kuna DRM ambayo inakaa palepale kwenye masafa mafupi na masafa ya kati walikozoea wazee wetu, India wameiweka kwenye mitambo yao mikubwa. Kuna HD Radio ya Marekani, na hiyo HD msije mkafikiri ni ile ya kwenye TV, ni jina la biashara tu, Marekani waliipitisha 2002 na inasafiri pamoja na FM ya kawaida kwenye masafa yaleyale. Halafu kuna redio ya intaneti ambayo kusema kweli ni kikompyuta kilichovalishwa spika. Hizi zote haziongei lugha moja, redio ya DAB ukiipeleka kwenye nchi ya DRM ni boksi.

Na kuna ya tano, ambayo ndo inawapiga watu wengi: FM ya kawaida kabisa iliyowekewa skrini ya namba, kwenye boksi wameandika DIGITAL kwa herufi kubwa. Hapo kilicho kidijitali ni zile namba tu, 98.5 badala ya mshale. Mtu anafika nyumbani anaskani anapata stesheni zilezile alizoziacha asubuhi anaanza kulaumu antena.

Sasa ile ya kwangu iliyokufa. Niliinunua DAB, sio DAB+, na wakati huo hakuna aliyeniambia kuna tofauti, mimi niliona ile alama ya plasi ni mbwembwe. Miezi ya kwanza raha tupu. Baadaye orodha ikaanza kupungua, leo stesheni moja haipo, wiki ijayo mbili, nikiskani upya zinazidi kupungua, nikadhani imeingia maji. Mwisho jina la stesheni linatokea kwenye skrini vizuri tu lakini sauti hakuna, unaangalia jina kama picha ya marehemu. Kumbe wamehamia DAB+ ambayo inabana sauti kwa njia nyingine na kale kachipu kangu hakaijui. Hiyo DAB+ imetoka 2007, kwa hiyo mtu anayekuuzia leo redio ya DAB isiyo na plasi anakuuzia maiti, hata akikupunguzia vipi.

Karibuni mchangie, ila matusi hapana.

---

Fundi Risasi

Mkuu umeongea. Niongezee kidogo upande wa ufundi sababu naona watu wanasema "dijitali sauti safi" kama vile ni sala.

Kwenye DAB stesheni haina masafa yake peke yake kama FM. Zinawekwa nyingi kwenye kapu moja lenye upana wa kama MHz 1.5, na lile kapu lina ujazo wake, tuseme kama kilobiti 1150 hivi kwa sekunde kwa setingi zinazotumika sana. Ukiwapa kila mmoja 128 wanaingia tisa. Ukiwapa 64 wanaingia kumi na nane. Sasa mwenye kapu anafanya biashara, unadhani atachagua nini? Kwa DAB+ hiyo 64 inasikika vizuri tu kwa mtu wa kawaida, lakini nimeshasikia wanaobana mpaka 32, hapo muziki unakuwa kama unapigwa ndani ya debe, matoazi yote yanageuka mchanga. FM nzuri yenye mawimbi yaliyoshiba inaipiga hiyo bila kutoka jasho. Kwa hiyo usafi wa dijitali ni kwamba haina kile kikwaruzo cha nyuma, sio kwamba muziki ni bora, hivyo ni vitu viwili.

Halafu namna inavyokufa ni tofauti. FM ikiishiwa nguvu inazeeka taratibu, inakwaruza, unaegemeza antena ukutani, unashika kwa mkono, taarifa ya habari inaisha umeielewa. Dijitali haina uzee. Iko sawa, iko sawa, iko sawa, kimya. Zile za zamani kabla ya kimya zilikuwa zinatoa sauti kama mtu anasukutua maji, hizi za DAB+ zinakatakata tu.

---

Binti Mawimbi

Samahani kaka zangu mimi sio mtu wa ufundi. Nataka kumnunulia mama, ana redio ya FM ya siku nyingi ile ya kuzungusha, kile kitufe kimeshalika anazungusha kwa koleo 😂. Anasikiliza akiwa chumbani, taarifa ya habari na mahubiri basi. Nimeona moja ya kidijitali nzuri ina skrini ya rangi. Ninunue?

---

Sikio Moja

Dada ngoja kwanza, usilipe. Maswali mawili: umeme wa chumbani kwa mama uko karibu na anapoweka redio au anatumia betri? Na hizo stesheni anazosikiliza, una uhakika zipo hewani kidijitali hapo mnapoishi?

Naulizia betri sababu hili wauzaji hawalisemi. Redio ya FM inashika stesheni moja inaitoa, kazi imeisha. Ya DAB hata kama unasikiliza stesheni moja inabidi ipokee kapu zima, ifumue, ichambue, itoe ile yako, na hiyo yote ni hesabu inayofanywa na chipu kila nukta. Betri zinazokaa wiki kadhaa kwenye FM kwangu kwenye dijitali zilikaa siku chache nikaamua kuichomeka ukutani moja kwa moja. Chipu za siku hizi zimepiga hatua lakini bado hazijaifikia FM, na ukishaiweka skrini ya rangi juu yake ndo basi.

---

Binti Mawimbi

Betri. Na hilo la hewani sijui hata ntajuaje.

---

Kilimilimi

Mnapoteza muda wakuu. Redio kama kifaa imekwisha, simu ipo, app zipo, stesheni za dunia nzima, nani anahangaika na antena leo? Mnunulie mama simu.

---

Mzee wa Antena

Kijana Kilimilimi punguza mwendo. Mimi nimeishi na hizi ahadi muda mrefu kuliko wewe. Kulikuwa na kitu kinaitwa WorldSpace, redio ya kidijitali kutoka setelaiti, iliyobuniwa hasa kwa ajili ya Afrika na Asia. Setelaiti ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998. Unaweka kiantena bapa kinachoangalia angani, unapata stesheni kibao, sauti safi hata uwe porini. Nilipoisikia mara ya kwanza kwa rafiki yangu nilikaa kimya kama dakika tano nzima, sisi tuliozoea masafa mafupi yanayokuja na kuondoka kama mawimbi ya bahari, halafu hii imetulia hata pumzi ya mtangazaji unaisikia. Kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika 2008 na mwaka uliofuata matangazo yakazimika. Zile redio hazikuharibika. Zipo, zinawaka. Hakuna anayeongea nazo.

Na sio hiyo tu. Ufini walizima DAB yao 2005. Ureno 2011. Hong Kong walianza na DAB+ hiyohiyo yenye plasi, 2017 wakafunga. Wasweden mwaka 2015 serikali yao ilikataa mpango wa kuhama FM. Kwa hiyo huyo Sikio Moja anaposema anza na hewa asidhaniwe anapamba maneno. Redio ni nusu ya kitu, nusu nyingine iko kwenye mnara wa mtu mwingine.

---

Kilimilimi

Sawa mzee shikamoo, ila Norwei mbona wamezima FM na maisha yanaendelea?

---

Mzee wa Antena

Marahaba. Norwei wana sababu zao. Milima na mabonde kila mahali, FM ya kitaifa ilikuwa na nafasi ya stesheni tano tu na kila bonde linataka mtambo wake. DAB waliianza 1995, wakazima FM za kitaifa 2017, kuanzia Januari kule kaskazini mpaka Desemba. Hesabu mwenyewe, miaka 22. Na hata hivyo stesheni ndogondogo za mitaani nyingi zilibaki FM. Uswisi shirika lao la umma lilizima FM mwisho wa 2024. Kwa hiyo mtu aliyeko huko akiniuliza anunue namwambia ulikuwa wapi siku zote. Lakini huyo dada hajasema yuko Norwei.

---

Sikio Moja

Na Kilimilimi hilo la simu tulipigie hesabu badala ya kubishana. Stesheni inayorusha mtandaoni kwa kilobiti 128 inakula kama MB 57 kwa saa. Mama anayefungulia redio asubuhi akaizima mchana, tuseme saa nne kwa siku, ni kama GB 7 kwa mwezi. Kama nyumbani kuna waifai isiyo na kikomo hilo sio tatizo, kama ni bando basi nani analinunua kila mwezi? Redio ya hewani hata wakisikiliza watu milioni haiongezi gharama kwa yeyote kati yao, na siku mtandao umeelemewa, ambayo mara nyingi ndo siku yenye habari, yenyewe inaendelea.

Redio za intaneti zina ugonjwa mwingine pia. Nyingi hazitafuti stesheni zenyewe, zinaulizia kwenye orodha ya kampuni fulani iliyoko huko mtandaoni. Ile orodha ikifungwa, redio inageuka saa ya mezani. Kulikuwa na huduma ya Reciva iliyokuwa inalisha redio za majina mengi tofauti, ilizimwa 2021. Watu walikuwa na redio nzima kabisa, nzuri, za mbao, zikabaki zinasema muda tu.

Simpingi simu mimi, usiku nikikosa usingizi nasikiliza kwa simu. Nasema tu mama wa dada yetu ana redio yenye swichi moja ya kuwasha. Umpe simu, aifungue loki, atafute app, arudi nyuma tangazo limemfunika skrini... hapana bana.

---

Dereva Mstaarabu

Mmesahau gari. Kwa gari mimi naona dijitali ndo imezaliwa hapo. FM barabarani ukipita kati ya majengo inafanya ule mtetemo wa pshh pshh kwa sababu mawimbi yanagonga ukuta yanakufikia mara mbili. DAB imetengenezwa ikijua hilo, na minara yote ya kapu moja inarusha kwenye masafa mamoja kwa hiyo husogei kutafuta stesheni upya, unatoka eneo la mnara huu unaingia wa pili hata hushtuki. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2020 gari jipya likiwa na redio ni lazima ipokee dijitali. Kwa hiyo hata ukinunua gari lililotumika kutoka huko baadaye utakuta imo, utake usitake.

---

Fundi Risasi

Dereva uko sahihi, ila angalia HIYO sentensi yako ya mwisho. Utakuta imo, haimaanishi kuna cha kupokea. Wateja wananiletea gari eti redio mbovu, menyu ya DAB haina kitu. Kaka sio mbovu, inatafuta watu ambao hawapo.

Dada Binti Mawimbi, umeuliza utajuaje kama kuna kitu hewani. Wengi watakuambia angalia ramani ya warushaji mtandaoni, sawa, anzia hapo, lakini ile ramani imechorwa na kompyuta, haijui ukuta wa chumba cha mama yako. Mimi nina njia ya kihuni. Kuna kale kadude ka kuchomeka USB kalikotengenezwa kwa ajili ya kupokea TV kwenye kompyuta, chipu yake inaitwa RTL2832U. Watu wakagundua kanaweza kusikia karibu kila kitu kuanzia chini ya FM mpaka huko juu kabisa. Unachomeka kwenye laptop, unaweka programu ya bure inayoitwa welle.io, unaiambia iskani. Kama kuna kapu la DAB hapo ulipo litaonekana, na itakuambia hadi stesheni ni ya DAB au DAB+ na imebanwa kilobiti ngapi. Bei yake ni ndogo sana kulinganisha na redio yenyewe. Azima kama unaweza. Zunguka nayo nyumba nzima, usiishie sebuleni.

---

Binti Mawimbi

Kaka nina mdogo wangu anasoma kompyuta chuo, anasema anako ka kwao ka kufanyia projekti. Jumamosi anakuja.

---

Sikio Moja

Safi. Mwambie antena asiivute yote. Hili nililigundua mwenyewe kwa aibu. FM inataka antena ndefu, kama sentimita 75, sasa mtu akizoea hiyo akipata redio ya DAB anaivuta mpaka mwisho na kuilaza. Masafa ya DAB ni ya juu zaidi, robo ya wimbi (ndo urefu antena inaoutaka) ni kama sentimita 37, na mara nyingi yanarushwa yakiwa yamesimama. Kwa hiyo antena isimame wima, nusu tu. Mimi yangu nilikuwa nimeilaza juu ya kabati inaangalia friji, napata stesheni sita. Siku nafuta vumbi nikaisimamisha bila kufikiri, orodha ikaruka mpaka ishirini na kitu. Miezi mitano hiyo imepita.

Na jingine, usishangae ukisikia mwangwi ndani ya nyumba. Dijitali inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya FM kwa sababu ya kule kubana na kufumua. Nyumbani kwangu ya chumbani ni FM, ya jikoni ni DAB. Kwenye mechi naisikia goli chumbani, nakimbilia jikoni, ndo kwanza mpira uko katikati ya uwanja. Mke wangu anasema nimekuwa nabii. Ila ule mlio wa kutangaza saa kamili usiupangie saa yako kwa redio ya kidijitali.

---

Kilimilimi

Kwa hiyo mkuu kwa ufupi unashauri tusinunue?

---

Sikio Moja

Sijasema hivyo. Kama uko sehemu ambayo makapu yapo, yana zaidi ya mwaka mmoja hewani, na kati ya stesheni unazozipenda kuna hata mbili tatu ambazo FM hazipo, nunua leo. Mimi ya jikoni siiachi, kuna stesheni ya muziki wa zamani inayopatikana kidijitali tu na ndo imenifanya nirudie kosa la kununua. Ila iwe na DAB+, iwe na FM humohumo ndani, na kama ina mlango wa USB wa kuifanyia apdeti ni bora zaidi. Hiyo FM usiidharau, ndo itakayokulinda siku mwenye kapu akibadili mawazo.

Kama uko sehemu ya majaribio, eti "tunarusha kwa miezi sita tuone", kaa na hela yako. Majaribio ni ya kwao, wewe usiwe panya.

DRM hiyo naipenda kwa moyo, ukiipata vizuri masafa mafupi yanasikika kama FM na mtambo unatumia umeme kidogo kuliko ule wa analojia, lakini redio zake madukani bado za kutafuta kwa tochi. Hiyo kwa wagonjwa kama sisi.

---

Mzee wa Antena

Mgonjwa niko hapa 😂

---

Binti Mawimbi

Nimerudi wakuu. Tumezunguka na laptop nyumba nzima kama tunatafuta jini. Sebuleni dirishani tumepata kapu moja, stesheni 11, zote zinasema DAB+. Korido likakatakata. Chumbani kwa mama kimya kabisa, hata mdogo wangu alipopanda kitandani na antena juu. Na ile ya mahubiri anayoipenda haimo kwenye zile 11.

---

Fundi Risasi

Hapo umeshajijibu dada. Chumba chake kina ukuta wa zege?

---

Binti Mawimbi

Zege na kabati la bati.

---

Fundi Risasi

Ile redio yake ya zamani usiitupe. Kitufe kilicholika kinabadilishwa, ni kazi ya dakika kumi, kile kipini cha ndani karibu zote zinafanana. Fungua nyuma unipigie picha.

---

Sikio Moja

Na ya kidijitali ukitaka nunua yako wewe, uiweke pale dirishani sebuleni. Antena nusu.

---

Binti Mawimbi

Picha nimetuma inbox kaka Fundi. Mama anauliza koleo lake nimelipeleka wapi.